Alexandra Trusova kabla ya Beijing: ile miruko ya mizunguko minne ilimpa nini hasa?

barafu_tupu

Wakuu, salamu. Nina maswali kuhusu miaka ya mwanzo ya Alexandra Trusova, yule Mrusi wa kuteleza kwenye barafu aliyeanza kuruka mizunguko minne hewani akiwa na miaka 13. Ukitafuta habari zake utaletewa Olimpiki ya Beijing 2022 tu. Mimi nataka yaliyotangulia: kuanzia alipoingia mashindano ya vijana 2017 hadi msimu wake wa kwanza wa wakubwa, 2019/20.

Kwanza, Sofia, Machi 2018, Ubingwa wa Dunia wa Vijana: alipata 225.52, Alena Kostornaia wa pili akapata 207.39. Hizo alama 18 zote zilitoka kwenye miruko miwili?

Pili, kama mizunguko minne ina nguvu hivyo, Kostornaia alimpitaje fainali ya Grand Prix ya vijana Vancouver 2018, kisha fainali ya wakubwa Turin 2019, ilhali yeye hakuruka mizunguko minne hata mara moja?

Tatu, alikuwa anaanguka sana. Makocha hawakuona hasara?

Naomba hesabu na ufundi. Ushabiki tuuweke pembeni.

protokali_mkononi

Mkuu, maswali yako yote yanajibiwa na karatasi za matokeo, zile protokali ambazo Shirikisho la Kimataifa (ISU) huzitoa kila baada ya shindano. Nitatumia vifupisho vyake, namba ikiwa idadi ya mizunguko: 4T ni tolupu ya mizunguko minne, 4S ni Salchow, 4F ni flipu, 4Lz ni Lutz. 3A ni Axel ya mizunguko mitatu, ambayo kwa kweli ni mitatu na nusu, kwa sababu Axel ndiyo pekee inayorukwa mtu akitazama mbele.

Tuanze na Sofia. Kila shindano lina programu mbili, fupi kisha ndefu, na alama zake hujumlishwa. Walikuwa karibu sawa baada ya programu fupi, kwa hiyo pengo karibu lote lilitokea kwenye programu ndefu, ambako Trusova alipata 153.49. Kwa jedwali la msimu ule, 4S ilikuwa na thamani ya msingi ya 10.5 na 4T 10.3, jumla 20.8. Mtu aliyeweka 3S na 3T katika nafasi hizohizo angepata 4.4 na 4.3, yaani 8.7. Tofauti ni alama 12 na ushee kabla majaji hawajaongeza za ubora wa utekelezaji. Kwa hiyo hapana, si zote 18. Ni kama theluthi mbili.

Theluthi iliyobaki watu huisahau. Msimu ule Trusova alikuwa na mchanganyiko wa 3Lz ukifuatiwa papo hapo na lupu ya mizunguko mitatu. Ukiuweka nusu ya pili ya programu ulikuwa na thamani ya 12.21, kwa sababu wakati huo kila mruko wa nusu ya pili ulipata nyongeza ya asilimia 10. Wasichana wengi wa kundi la Eteri Tutberidze, kocha wa Trusova, walitumia mwanya huo, Alina Zagitova akiwa mfano mkubwa kuliko wote. Kuanzia 2018/19 ISU iliuziba: nyongeza ikabaki kwa mruko mmoja wa mwisho katika programu fupi na mitatu ya mwisho katika ndefu.

Msimu huohuo jedwali zima lilibadilishwa, na ukilinganisha namba za Sofia na za baadaye bila kulijua hilo utapotea njia. 4Lz ilishuka kutoka 13.6 hadi 11.5, 4S ikawa 9.7, 4T ikawa 9.5. Ubora, uliokuwa ukipimwa kuanzia -3 hadi +3, ukawa kuanzia -5 hadi +5, kila hatua ikiwa asilimia 10 ya thamani ya msingi.

Sasa kuanguka. Chukua 4Lz ya jedwali jipya:

- Ikitua vizuri kwa +2: 11.5 + 2.30 = 13.80
- Mzunguko umetimia lakini ameanguka, ubora ukiwa -5: 11.5 - 5.75, kisha makato ya 1 = 4.75
- 3Lz safi kwa +2: 5.9 + 1.18 = 7.08

Tafuta mahali ambapo wastani wa kubahatisha 4Lz unalingana na usalama wa 3Lz. Utaona inatosha kuitua zaidi kidogo ya mara moja kati ya nne. Anayeitua mara mbili kati ya nne anapata faida kila msimu hata akianguka mbele ya kamera. Kwa hiyo makocha hawakuwa wanamtoa kafara mtoto kwa ajili ya sifa. Jedwali lenyewe lilikuwa linawaambia wafanye hivyo. (Kama jedwali hilo lilikuwa la busara kwa miili ya watoto ni mjadala mwingine, na mimi naona halikuwa.)

Hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja: mzunguko utimie. Jopo la kiufundi likiona umepungua robo au zaidi, linaweka alama ya <, na enzi hizo thamani ilishuka hadi asilimia 75, yaani 8.63 kwa 4Lz. Ukipungua nusu au zaidi inawekwa <<, na mruko unahesabiwa kama 3Lz. Ukianguka juu ya << unabaki na 5.9 - 2.95 - 1 = 1.95. Hapo ndipo kitumbua kinapoingia mchanga. Anguko lile kwenye televisheni linaweza kuwa na thamani ya 4.75 au ya 1.95, na mtazamaji hawezi kutofautisha bila kurudia video polepole.

ukingo_wa_nje

Nakubaliana na hesabu. Niongeze ufundi, maana watu husema "alikuwa mwepesi tu" kana kwamba kila mtoto mwepesi anaruka 4Lz.

Muda wa hewani kwa mruko wa namna hii ni karibu sekunde 0.6 hadi 0.7. Mwanamke mtu mzima hapati muda mrefu zaidi ya huo kwa urahisi, kwa hiyo njia iliyobaki ni kuzunguka kasi zaidi. Kasi inatokana na mambo mawili: msukumo wa kuzunguka unaouchukua kabla mguu haujaacha barafu, na jinsi unavyojikusanya haraka baada ya hapo. Mabega na nyonga nyembamba hukusanyika karibu zaidi na mhimili wa mwili, ndiyo maana umri kabla ya kukomaa una faida. Ila ukijikusanya kabla ya kumaliza kusukuma, unapoteza kimo. Ukichelewa, unapoteza robo ya mzunguko. Tofauti ya hayo mawili ni sehemu ndogo sana ya sekunde, na inafundishwa, haizaliwi nayo mtu.

Trusova alizaliwa Ryazan, kusini-mashariki mwa Moscow, tarehe 23 Juni 2004, na akaanza kuteleza huko akiwa na miaka minne. Kundi la Tutberidze huko Moscow, katika shule ya Sambo-70, lilikuwa na mgawanyo wa kazi uliokuwa wazi: Tutberidze mwenyewe kama mkuu, Sergei Dudakov kwenye ufundi wa miruko, Daniil Gleikhengauz kwenye utunzi wa programu.

Njia ya kawaida ya kujenga mruko wa namna hii huanzia nje ya barafu. Mtelezaji anaruka sakafuni akiwa na raba, anafunga mwili hewani, anatua mguu mmoja bila kuyumba. Kisha barafuni anafanya mizunguko mitatu akiwa na nafasi ya ziada, kwa mfano akiwa na mkono juu ya kichwa. Baadaye linakuja lile fimbo refu lenye kamba: kocha anateleza sambamba na mtelezaji aliyefungwa mkanda kiunoni, na anamvuta juu wakati wa kuruka. Kifaa hicho kinampa mtelezaji hisia ya mzunguko wa nne bila kuumia. Kasoro yake ni kwamba kinabeba sehemu ya uzito wakati wa kutua, kwa hiyo anayekitegemea muda mrefu anajua kuzunguka lakini hajui kusimama. Unapoona mtu anamaliza mzunguko hewani kisha goti linamkunja na kumkalisha chini, mara nyingi hilo ndilo tatizo.

Miruko yake minne nayo haifanani:

4T hurukwa kutoka ukingo wa nje wa mguu wa kulia kuelekea nyuma, meno ya mbele ya kisu cha kushoto yakidungwa barafuni kama msaada. Ndiyo rahisi kuunganisha, kwa sababu unatua kwenye ukingo uleule utakaorukia tena.

4S haina msaada wa meno. Unatoka ukingo wa ndani wa kushoto na kuupeperusha mguu wa kulia. Ukichelewesha bega unaruka kwa upana badala ya kwenda juu.

4F na 4Lz zote hudungwa kwa meno ya kulia. Flipu inatoka ukingo wa ndani, Lutz ukingo wa nje. Lutz ni ngumu kwa sababu mkunjo wa njia unakwenda upande mmoja na mzunguko unakwenda upande mwingine. Anayeshindwa kuuvumilia ukingo wa nje hubadilika kwenda wa ndani sekunde ya mwisho, na jopo linamwandikia "e", alama ya kosa la ukingo.

Huko Sofia, Trusova alitua 4S na 4T katika programu moja. Kabla yake mwanamke pekee aliyekuwa ametua mzunguko wa nne uliokubaliwa ni Miki Ando wa Japani, 4S, Desemba 2002, naye pia wakati huo alikuwa kwenye mashindano ya vijana. Yaani miaka 15 ilipita bila mwingine. 4T ya Trusova ilikuwa ya kwanza kwa mwanamke yeyote. 4Lz aliiongeza mwaka huohuo wa 2018 kwenye Grand Prix ya vijana, na 4F ikaja Turin, Desemba 2019. Zote mbili pia zilikuwa za kwanza kwa wanawake.

barafu_tupu

Asanteni wakuu, hasa hilo la 1.95 dhidi ya 4.75. Bado swali la pili. Na limeongezeka lingine: Desemba 2018 alikuwa wa pili ubingwa wa Urusi wa wakubwa, mbele ya Zagitova bingwa wa Olimpiki, lakini hakupelekwa Ubingwa wa Ulaya wala wa Dunia. Kulikuwa na siasa?

tarehe_na_kanuni

Hakuna siasa, ni kalenda. Kanuni ya wakati huo: kushindana vijana kimataifa lazima uwe umetimiza miaka 13 kabla ya Julai 1 inayotangulia msimu, kushindana Ubingwa wa Ulaya na wa Dunia wa wakubwa, miaka 15 kabla ya tarehe hiyohiyo. Trusova alitimiza 13 tarehe 23 Juni 2017, wiki moja tu kabla ya mlango kufungwa, na Agosti alikuwa Brisbane akishinda Grand Prix yake ya kwanza ya vijana. Kisha akashinda Minsk, kisha fainali Nagoya. Angezaliwa Julai, Sofia 2018 isingekuwepo kwake.

Ubingwa wa Urusi ni mashindano ya ndani na wakati huo uliruhusu watoto zaidi. Ndiyo maana Saransk, Desemba 2018, jukwaa zima lilikuwa la wasioruhusiwa nje: Anna Shcherbakova 229.78, Trusova 229.71, Kostornaia wa tatu. Zagitova alimaliza wa tano, akapelekwa kwa sababu umri wake ulitosha, na Machi 2019 akawa bingwa wa dunia huko Saitama. Trusova mwezi huohuo alikuwa Zagreb akitetea ubingwa wa vijana, na aliutetea.

Watatu hao walipanda wakubwa msimu mmoja, 2019/20, ingawa Kostornaia ni mkubwa wao, wa Agosti 2003. Agosti ilimponza: Julai 1, 2018 alikuwa bado na miaka 14.

protokali_mkononi

Sasa Kostornaia. Vancouver 2018 ilikuwa hivi:

Kostornaia 76.32 + 141.66 = 217.98
Trusova jumla 215.20

Alimzidi kote kuwili, kidogokidogo. Turin 2019 ni hadithi tofauti kabisa:

Kostornaia 85.45 + 162.14 = 247.59
Shcherbakova 78.27 + 162.65 = 240.92
Trusova 71.45 + 161.73 = 233.18

Angalia programu ndefu: watatu wako ndani ya alama moja. Shindano lote liliamuliwa na programu fupi, ambako Trusova aliachwa alama 14 kamili. Sababu iko kwenye kanuni: katika programu fupi ya wanawake mizunguko minne ilikuwa hairuhusiwi. Silaha yake kubwa ilibaki mlangoni. Kilichoruhusiwa kwa wakubwa ni 3A, ambayo ni 8.0 dhidi ya 3.3 za 2A, na Kostornaia alikuwa nayo. Kwa Trusova 3A haikuwahi kuwa mruko wa kutegemewa; hata Beijing aliangukia hapohapo.

Zinazobaki ni za ubora na za vipengele, yaani alama za kuteleza, miunganiko, utendaji, utunzi na tafsiri ya muziki. Vilikuwa vitano, vikizidishwa kwa 1.6 katika programu ndefu na 0.8 katika fupi. Ukimzidi mtu kwa wastani wa robo tu katika vyote vitano, umempita alama 2 kwenye ndefu na 1 kwenye fupi. Kostornaia alikuwa na magoti laini, kasi isiyokatika, na miruko iliyotoka katikati ya hatua bila maandalizi marefu. Trusova, kabla ya 4Lz, aliteleza mstari mrefu nyuma bila kufanya chochote kingine, kwa sababu mruko wenyewe unadai hivyo. Majaji wanaandika.

ukingo_wa_nje

Hapo mkuu naomba nitofautiane nawe kidogo. Turin isikufanye uone kwamba programu fupi ilikuwa inamfunga daima. Wiki chache kabla, Skate Canada huko Kelowna, alikuwa nyuma ya Rika Kihira wa Japani baada ya programu fupi, 74.40 kwa 81.35. Karibu alama 7. Kwenye ndefu aliangukia 4S ya mwanzo, kisha akaendelea na mizunguko minne mingine, akapata 166.62 na jumla 241.02. Kihira alimaliza na 230.33. Pengo la 7 liligeuka faida ya zaidi ya 10, na anguko likiwemo ndani.

Kilichobadilika Turin ni kwamba Kostornaia mwenye 3A na Shcherbakova mwenye mizunguko minne walikuwepo, na Trusova alikuwa amepanga mitano, idadi ambayo haikuachia nafasi ya kukosea. Kuna gharama ambayo hesabu yako ya 4Lz haikuigusa: mruko uliopangwa kuwa mchanganyiko. Tuseme programu ina 4T+3T mahali pamoja na 4T peke yake mahali pengine. Ukianguka kwenye ule wa mchanganyiko, hukupoteza ubora tu. 3T ya 4.2 imepotea. Halafu 4T ya pili ikirukwa nayo peke yake inaandikwa +REP na kupewa asilimia 70, yaani 6.65 badala ya 9.5. Dawa ni kupachika 3T kwenye ile ya pili, jambo ambalo mtelezaji lazima aliamue akiwa tayari amechoka. Trusova alikuwa mzuri sana katika hilo, na naona ni kipaji kisichosemwa: kichwa kilibaki kinahesabu baada ya anguko.

barafu_tupu

Nimeelewa. La mwisho: mtu asiyezoea protokali aanzie wapi kuzisoma?

protokali_mkononi

Fungua ya Kelowna 2019, programu ndefu. Kila mstari ni kipengele kimoja. Jina linakuja kwanza (4S, 4Lz, 4T+3T), kisha thamani ya msingi. Herufi x pembeni ya thamani inaonyesha nyongeza ya asilimia 10. Inafuata jumla ya ubora, kisha safu ya alama za kila jaji kuanzia -5 hadi +5. Ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, zinazobaki zinawekewa wastani. Usisahau makato yaliyo chini ya karatasi. Watu hujumlisha safu, wakakuta imezidi kwa 1, wakadhani wameibiwa.

Kisha weka ya Sofia pembeni, lakini usilinganishe alama kwa alama, majedwali ni mawili tofauti. Linganisha majina ya miruko na mpangilio wake.

tarehe_na_kanuni

Nyongeza kwa anayefikiri kanuni mpya ingeizuia safari hii. Juni 2022 ISU ilipiga kura kupandisha umri wa wakubwa hadi 17, kwa hatua: 16 msimu wa 2023/24, 17 kuanzia 2024/25. Ukiirudisha nyuma, Trusova angekosa Kelowna, Turin na misimu yake miwili ya kwanza ya wakubwa, pamoja na shaba ya dunia ya Stockholm 2021. Ila alitimiza 17 tarehe 23 Juni 2021. Beijing angeenda, tena kwa wiki moja ileile.